Usisafishe Akiba Kabla Hujaona Nani Yumo

Juzi niliingia studio moja kando ya Mnazi Mmoja kuchukua picha ya shule ya binti yangu, Rehema. Msichana aliyekaa kwenye kompyuta akanijibu bila kugeuza shingo: "Hiyo nilifuta, mama. Mashine ilikuwa nzito. Si tunapiga nyingine?"

Rehema alikuwa amesimama pale pale anakula karanga. Ni kweli, tungepiga nyingine, na tulipiga. Lakini mpaka nafika mtaa wa Gerezani nilikuwa bado nasema peke yangu barabarani kama chizi. Ndiyo maana naandika. Nawaandikia nyie mnaomaliza kidato cha nne mkapata kibarua cha studio, mnakalishwa mbele ya kioo mnaambiwa hapa bonyeza, hapa usibonyeze, na hakuna anayewaambia kwa nini. Mimi kazi hiyo nimeifanya na sasa nimestaafu. Cheka tu, mstaafu ananyonyesha. Sikupewa hata soda ya kuagwa. Niliondoka wiki niliyomwambia bosi nina mimba ya pili, akasema mtoto mmoja mgongoni amevumilia, wa pili itabidi afungue chekechea. Hilo nitalisema siku nikiwa na moyo mwepesi. Leo nataka kusema la akiba.

Studio yetu ilikuwa Kariakoo, katikati ya maduka ya vitenge. Mwenyewe alikuwa Jayantibhai, Mhindi wa hapa hapa, baba yake ndiye aliyeifungua. Huyo baba yake alikuwa ukutani juu ya kaunta, picha nyeusi na nyeupe yenye shada la maua, na kila asubuhi kabla hatujafungua mlango Jayantibhai alikuwa anawasha ubani mbele yake na kusimama kimya. Hapo usimsemeshe. Hata mteja akipiga hodi, anasubiri.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Baba yangu mimi alikuwa amepunguzwa kazi, kiwanda chao cha nguo kimeuzwa na aliyekinunua amekifunga kufuli. Wakati huo huo bandarini makontena yanashusha kompyuta zilizotumika, zingine bado zina stika za katuni walizobandika watoto wa Ulaya. Jayantibhai akanunua moja, akanunua na kamera isiyotumia mkanda, akatoa tangazo la rangi nje ya mlango. Kariakoo nzima ikaja kujiona kwenye kioo.

Tatizo, mashine yenyewe ilikuwa inatembea kama mgonjwa. Mteja anasema nataka kuona picha zangu za ubatizo, unafungua albamu, zinaanza kushuka kutoka juu kama mtu anayeteremsha pazia. Kipaji cha uso, unasubiri. Macho, unasubiri. Kufika kidevuni mteja ameshasonya na foleni imetoka nje. Mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, mimi nakwenda kula, nikirudi pengine nitakuwa nimeota miguu."

Aliyetutoa pale ni Nilesh, mpwa wa Jayantibhai, kijana mpole anayetafuna kalamu. Yeye ndiye aliyetuandikia ile programu ya albamu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Siku moja akaja akakaa na mashine, alipoinuka albamu ikawa inafunguka papo hapo, sura zote kwa pamoja. Nikamuuliza umefanya nini, umeipa dawa gani?

"Hadija," akasema, "yule mama wa vitenge duka la pili, mzigo wake anauweka wapi?"

"Stoo, Gerezani."

"Mteja akitaka kuona kitenge, anakimbia Gerezani?"

"Ana sampuli kaunta."

"Basi. Picha kubwa iko kwenye diski, hiyo ni stoo. Mimi nimeiambia mashine, ukishaifungua mara moja, weka kipande kidogo cha sampuli hapa karibu. Akija mtu kuuliza, muoneshe sampuli. Stoo uende siku ya kuchapa tu."

Wenye kompyuta wanaiita kache. Sisi tuliiita akiba, na mpaka leo sijasikia mtu akaieleza vizuri kuliko pale. Lishikeni hilo. Mashine inayoonesha picha upesi haijapata nguvu mpya, imejifunza kutokwenda stoo. Na mtu asiyekwenda stoo, siku moja ataonesha sampuli ya kitenge ambacho hakipo tena.

Nilesh alilijua hilo. Alimwambia mjomba wake mbele yangu kwamba kazi haijaisha. Mashine inatafuta sampuli kwa jina tu. Jina likiwa lile lile inatoa sampuli ile ile, haiendi kuangalia kama mzigo stooni umebadilika. Akaomba arudi aimalizie, kila sampuli aipige muhuri wa siku na saa ya picha yenyewe, zisipolingana mashine iende stoo kuchukua mpya.

"Itakuwa nzito tena?" Jayantibhai akauliza.

"Kidogo sana."

"Basi acha. Inafanya kazi, usiiguse."

Kama dunia nzima inaongozwa na sentensi hiyo, mimi sitashangaa.

Sasa sikilizeni mazoea yetu, maana programu ile ingeandikwa nchi ya watu wanaoitana kwa majina yao ya cheti, labda isingeumiza mtu. Dar mwanamke akishazaa, jina lake linaisha. Mimi niliingia studio nikiwa Hadija, baada ya kumzaa Rehema, nje ya ile kaunta hakuna aliyenijua ila kama Mama Rehema. Mteja akija unamuuliza, "Tuandike nani?" Anakujibu Mama Neema. Mama Baraka. Mama Junior. Na hivyo hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaita mafaili. Mama Junior akija mwingine, mashine ilikuwa inauliza kwamba jina hili lipo tayari, nifute la zamani niweke hili? Studio nzima tulikuwa tunabonyeza ndiyo kabla haijamaliza kuuliza. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tulivyofundishwa, na Mama Junior Kariakoo ni wengi kuliko nguzo za umeme.

Mmoja wao alikuwa huyo wa vitenge, duka la pili kutoka kwetu. Mchaga, mwanamke wa miraba minne, sauti yake ukiisikia bei inakubalika yenyewe. Alizaa amechelewa, na mtoto akiwa anaanza kukaa mwenyewe alimleta tumpige picha. Alimvalisha tai ya baba yake, imemfika miguuni. Mtoto akawa anaitafuna. Nilimpiga picha akiwa na ncha ya tai mdomoni, anatucheka. Mama yake alicheka mpaka akashika kaunta. "Hiyo hiyo! Nitakuja kuichukua."

Sisi tulikuwa hatuchapi mpaka mwenyewe aje kuchukua, karatasi na wino vilikuwa ghali. Na yeye kila siku akipita mbele ya mlango, mzigo kichwani kwa mchukuzi, yeye nyuma anahimiza, ananipungia mkono: "Mama Rehema, kesho!" Asije mtu akaniambia alikuwa mzembe. Mwanamke anayefungua duka kabla ya adhana na kufunga baada ya isha, kesho yake ni kweli kesho. Anaiamini.

Junior alikufa kwa homa. Alianza kuchemka jioni, na asubuhi hakuwapo.

Asubuhi hiyo ubani wa Jayantibhai ulikuwa haujaisha, akaingia shemeji yake Mama Junior, mdogo wa mumewe, amevaa shati kinyume. Akaniambia mwili unasafirishwa Kilimanjaro alfajiri ya kesho, na picha wanayo hii tu tuliyompiga, simu za kupiga picha zilikuwa bado hazijatufikia sisi watu wa kawaida. Wanaitaka kubwa, ya kutangulia mbele ya jeneza. Wao kwao huwezi kumpeleka mtu nyumbani bila sura yake mbele.

Nikaenda stoo moja kwa moja, kwenye diski, maana ni ya kuchapa. Nikafungua faili la Mama Junior. Akatokea mtoto mweupe, mnene, kavishwa kofia ya sherehe, mbele yake keki yenye mshumaa. Simjui.

Nikatafuta kila mahali. Kadi ya kamera ilishapigiwa harusi juu yake mara nyingi. Nikamwambia yule kijana, haipo. Hakubisha. Aliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyetegemea, akatoka.

Nilimvuta Rehema mgongoni nikamleta mbele, nikamnyonyesha nikiwa nimegeukia ukuta. Jayantibhai akasema, "Hadija, pole. Lakini foleni."

Foleni ya siku hiyo mbele kabisa alikuwa Mama Junior mwingine, mwenye saluni Ilala, kucha nyekundu, manukato yanaingia kabla yake. Ndiye mwenye yule mtoto wa keki. "Mambo, mama mzazi! Nipe mwanangu nimuone kabla hujachapa, nyie watu wa studio mnapenda kukata masikio."

Nikafungua albamu. Jina likaja, picha ikaja papo hapo kwa sifa zote za Nilesh. Mtoto mweusi tii, ana tai mdomoni, anacheka.

"We!" akasema Mama Junior wa saluni. "Huyo ni nani? Mimi nimezaa mkate wa kumimina, wewe unanipa mkate wa kuungua! Bosi! Njoo uone mauzauza yako huku!"

Watu wa foleni wakacheka. Mimi nilikuwa sisikii vizuri. Nilikuwa naangalia ile tai. Picha kubwa ilishakufa kwenye diski, lakini sampuli ilikuwa imebaki kaunta, ndogo kama stempu, kwa sababu ya uzembe ule ule uliotufanya tumpoteze. Mashine haikwenda stoo kuangalia. Mashine ilikuwa haijaambiwa kwamba mtoto hayupo.

Jayantibhai akaja anafuta miwani. Alishaona ugonjwa huo mara kadhaa na dawa aliijua, maana Nilesh alimwachia kitufe kimoja, Safisha Akiba. Ukibonyeza, sampuli zote zinatupwa, mashine inakwenda kuchukua mpya, kila mtu anapata sura yake.

"Bonyeza safisha," akasema. "Tumpe mama mtoto wake."

"Bosi, huyu ndiye Junior wa vitenge. Ni huyu."

"Nimeelewa. Lakini hiyo si picha, Hadija, hiyo ni kivuli cha picha. Huwezi kuichapa. Safisha, watu wanasubiri."

"Sisafishi."

"Nini?"

"Sisafishi, bosi."

Akanyoosha mkono achukue kipanya abonyeze mwenyewe. Nikakichomoa. Sikufikiri, nilikichomoa na waya wake nikakitia ndani ya khanga niliyombebea Rehema, kifuani, mtoto akaanza kukinyonya. Najua inachekesha. Foleni ilicheka. Jayantibhai alikuwa mwekundu, na mwanamume wa heshima zake hawezi kuingiza mkono kwenye khanga ya mama anayenyonyesha, kwa hiyo tukabaki pale, yeye mkono hewani, mimi nimemkumbatia mtoto na kipanya.

Na hapo ndipo vicheko vilipokatika, maana Mama Junior wa vitenge alikuwa ameingia mwenyewe.

Mfiwa hatoki mkekani. Anakaa, watu wanamjia. Yeye alikuwa amesimama akatoka, kandambili moja yake na moja ya mtu mwingine, wanawake wawili nyuma wanamshika khanga wasije kumwacha aanguke. Ile sauti ya kuuzia haikuwapo. Akasema polepole, "Shemeji ameniambia haipo. Nimekuja unieleze mwenyewe, mama Rehema. Kwa nini haipo?"

Niligeuza kioo.

Akaweka kidole juu ya kioo, pale kwenye tai, hakugusa uso.

Jayantibhai akainama sikioni kwangu. Naamini alikuwa anaona huruma, na huruma ya watu wa biashara ina haraka yake. Akaninong'oneza: "Usimpe tumaini. Ukiikuza itapasuka vipande vipande. Ifute, iishe."

Hapo ndipo niliposema lile neno ambalo wenzangu walilisimulia mtaa mzima. Nilielekeza kidole juu ya kaunta, kwa yule mzee mwenye shada la maua. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Na yule pale nimteremshe, bosi? Nafasi ukutani inabana."

Nilijua kazi imeisha. Nilikuwa tayari nahesabu nitakachomwambia baba yangu nyumbani.

Mama Junior wa saluni ndiye aliyesema kwanza. Alishaacha kucheka zamani, manukato yake yamekaa tu pale kama kitu alichosahau. "Mzee," akamwambia Jayantibhai, "picha yangu mimi itasubiri. Hata mwaka. Lakini ukifuta hiyo, utanifuta na mimi hapa." Kisha akamwendea mwenzake, akavua ushungi wake wa hariri, akamfunika mabega. "Mama Junior," akamwita. Na yule naye, bila kumjua, akamwitikia hivyo hivyo: "Abee, mama Junior."

Jayantibhai alimtazama baba yake ukutani. Kisha akachukua kiti chake mwenyewe, akampa mfiwa. "Hadija," akasema, hakunitazama, "fanya."

Sasa nawapa ufundi, mjifunze. Ile akiba ilikuwa imefungwa pamoja kama furushi, huwezi kuchomoa kipande kimoja. Lakini kibodi ina kitufe cha kupiga picha kioo chenyewe, kile wengi wenu hamjawahi kukigusa. Kinachoonekana ndicho kinachobebwa. Nilikipiga, nikachomeka tena waya wa kipanya, nikabandika kwenye ukurasa mtupu, nikakata pembeni majina na mistari, akabaki mtoto. Kwanza nikahifadhi kwa jina la haraka, ndipo nikacheza. Mtu anayeanza kucheza na nakala pekee kabla hajahifadhi, muondoeni kwenye kiti.

Mama akauliza, "Inakuwa kubwa?"

Nikajaribu mbele yake, maana angesikia kwa mdomo asingeamini. Nikaikuza. Meno mawili yakawa vigae viwili vyeupe. Nikaikuza tena. Macho yakaanza kuwa sakafu.

"Simama hapo," akasema. "Rudisha. Rudisha, mama Rehema, asiondoke."

Nikarudisha. Mtoto akacheka tena, na tai yake, saizi ya stempu.

Niliona jeneza na kapicha ka kidole gumba mbele yake, nikaona watu wa kwao wanavyokatazama. Ni yeye aliyesema. "Chapa hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo."

Jayantibhai akaenda nyuma, akatoa ile karatasi nzito nyeupe ya harusi, ile ambayo sisi haturuhusiwi hata kuigusa, kubwa kama trei ya sambusa. Akaipanga kwenye printa kwa mikono yake. Tukamchapa Junior katikati, peke yake, weupe pande zote. Ilipotoka watu wa foleni walivua kofia. Hata sikuwaambia.

"Hifadhi vizuri," mama akasema, akiwa ameishika kwa kingo. "Isije ikatokea tena."

Nikashika kipanya, kimelowa mate ya Rehema. Mashine ikaniuliza jina la kudumu. Vidole vyangu vilishaanza, kwa mazoea, Ma, ma... nikasimama. Niligundua nimekaa jirani na mtoto huyu tangu anazaliwa na sijui anaitwa nani.

"Mama Junior," nikasema, "jina lake hasa."

Akanitazama kama vile nimempa kitu. Nadhani tangu usiku ule hakuna aliyemuuliza. "Elibariki," akasema. Sauti ikarudi kidogo, ile ya dukani. "Elibariki Ndeanaeli. Andika yote."

Niliandika yote.

Kesho yake, wakati basi la msiba limeshapita Chalinze, Nilesh aliitwa. Akaweka muhuri wa saa kwenye sampuli, kazi ambayo haikumchukua hata asubuhi nzima. Kumbukeni hilo mtakapoambiwa inafanya kazi, usiiguse. Jayantibhai hakunisemesha ila la kikazi mpaka mwezi ukaisha, na kwenye kaunta akabandika kikaratasi cha mkono wake: Jina la mtoto, siyo la mama. Mashine haikuwa nzito. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Nyie mnaokaa kwenye viti hivyo sasa, najua mashine zenu zinajaa na bosi anapiga kelele. Safisheni, akiba ni ya kusafishwa, siyo msikiti. Lakini fungua kwanza uangalie nani yumo, na stoo uende kwa miguu yako uhakikishe yupo. Na mama akisimama mbele yako akakwambia andika Mama Fulani, usiandike. Mngoje. Muulize mtoto anaitwa nani, na akikuambia, muombe akutajie herufi moja moja.